Kanda ya Bwana Taa

"Hii kanda ni yako?" aliniuliza Jefwa, akiichomoa ndani ya redio.

Nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda chake cha ufundi pale Mwembe Tayari. Redio ilikuwa ya kina Mwanaesha, mchumba wangu. Mamake alinituma niipeleke ikatengenezwe, maana zilibaki siku kumi tufunge nikahi, na nyumba ya harusi haikai bila redio. Niliipokea kanda nikaigeuza. Ubavuni paliandikwa kwa kalamu nyekundu: *Ya Mwana. Usimpe mtu. Badawi.*

Damu ilinichemka. Badawi ni mtoto wa mjomba wake Mwanaesha, mrefu, ana meno mazuri, na anaishi Maskati tangu utotoni. Mwaka ule wa 1997, jamaa wengi wa Mji wa Kale waliokuwa Arabuni walituma salamu kwa kanda badala ya barua. Mtu hujifungia chumbani kwake huko, huzungumza nusu saa, kisha kanda huja mkononi mwa msafiri. Mama humsikiza mwanawe akikohoa tu, akalia. Sasa huyu amemrekodia mchumba wangu nini ambacho mtu hafai kupewa?

"Itie tusikize," nilimwambia Jefwa.

"Kanda ya wenyewe hiyo, Fuad. Huenda ndani mna siri zao."

"Ndizo nizitakazo."

Jefwa akaitia kwenye redio nyingine. Nilijitayarisha kusikia "habibti", mpenzi wangu. Ukatoka mlio mwembamba mrefu, kisha kelele za kukwaruza, kama samaki aliyetupwa kwenye mafuta moto.

"Imeharibika," alisema Jefwa. "Nikupe pole au nikupe hongera?"

Kanda haikuwa imeharibika. Kelele zile nilizijua, na bora ningesikia "habibti".

Mwaka wa 1986 babake Badawi alileta kutoka Dubai kompyuta ndogo nyeusi yenye vibonye vya mpira, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni kwa kina Mwanaesha. Michezo iliingizwa kwa kanda. Tulingoja dakika tano kelele zile ziishe, ndipo atokee mtu mdogo mwenye taa kichwani. Tulimwita Bwana Taa. Alikuwa na vyumba ishirini chini ya ardhi, na kila chumba kina funguo za kuokota. Mwanaesha alishika vibonye vya kwenda kushoto na kulia, Badawi akashika cha kuruka. Vidole vyao vilikuwa pamoja mchana kutwa. Mimi nilikaa nyuma yao mkekani, kazi yangu kushangilia.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya kibanda.

"Masalkheri, mama. Ni mimi, Fuad."

"Masalkheri, mwanangu. Redio i tayari?"

"Bado, mama. Naomba kuzungumza na Mwanaesha kidogo."

"Si jana tu mlizungumza? Haya, ngoja."

Nikasikia ndara zikija.

"Fuad? Kuna nini?"

"Kanda ya Badawi waiweka ya nini?"

"Umeisikiza?"

"Nijibu."

"Badawi aja Jumanne kwa harusi, na aja na ile kompyuta. Nalitaka kujua kama kanda ingali nzima. Nikaisahau ndani ya redio."

"Umeiweka miaka kumi na moja?"

"Kumi na moja, ndiyo."

"Basi na akuoe yeye," nikasema, nikaiweka simu.

Niseme kweli, sikufika hata mbali kabla sijajuta. Lakini wivu una miguu yake, na jioni ile ulinifikisha mpaka kwenye baraza ya kwao, redio kwapani na kanda mfukoni. Mamake alikaa ndani ya mlango akichambua mchele, masikio yote nje. Mwanaesha alisimama kizingitini na buibui lake, hakunikaribisha.

"Umekuja kuvunja uchumba?" aliniuliza.

"Nimekuja kuuliza. Wampenda Badawi?"

"Nalimpenda. Nalikuwa na miaka kumi, na yeye ndiye mwenye kompyuta."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kukiona chumba cha ishirini. Wakumbuka ile Jumamosi ya mwisho, kabla hawajahamia Maskati? Tulikuwa chumba cha kumi na tisa, umebaki ufunguo mmoja. Stima ikapotea."

"Nakumbuka," nilisema.

"Feni ilikuwa yazunguka, Fuad."

Nikaihamisha redio kwapa la pili.

"Stima imepotea, na feni ya dari yazunguka juu ya vichwa vyetu. Nikageuka, nikakuona umekaa chini ya swichi ya televisheni pale ukutani, watizama vidole vya miguu yako."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Na hukusema?"

"Ningesema, mama angekukataza kukanyaga kwetu." Alirekebisha buibui lake. "Nami nalitaka uje."

Mlangoni mchele ukaacha kuchambuliwa.

"Nilizima kwa sababu ya vidole vyenu," nilimwambia. "Vilikuwa karibu mno. Niliona nikivumilia dakika moja zaidi nitalia mbele yenu."

"Ungelia tu. Ningekupa zamu." Akanyoosha mkono, nikampa kanda yake. "Jumanne njoo. Utakaa pale pale chini ya swichi. Mkono wako usiponyanyuka nikicheza, Ijumaa tutaoana. Ukinyanyuka, nyumba hii isahau. Sitaki mume wa kunizimia."

Jumanne alasiri nilikuwa wa kwanza kufika. Badawi akaja na kompyuta imefungwa kwa taulo. Alizidi kuwa mrefu, na yale meno yalikuwepo yote. Alinikumbatia kwa furaha, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

"Mara hii tu," mamake Mwanaesha alituonya, akiketi kwenye kiti cha katikati. "Kesho aingia ndani, haonekani tena mpaka nikahi."

Kanda ikalia dakika zake tano. Bwana Taa akatokea na taa yake kichwani. Mwanaesha kushoto na kulia, Badawi kuruka, kama zamani.

"Ruka," Mwanaesha alisema. "Sasa. Ruka tena. Ahsante."

Kila "ahsante" iliniingia kifuani. Chumba cha tano, cha tisa, cha kumi na nne. Badawi alicheka, Mwanaesha naye akacheka, na swichi ilikuwa shubiri moja tu juu ya bega langu. Mkono wangu wa kulia ulianza kuniwasha. Niliuweka chini nikaukalia.

Chumba cha kumi na tisa. Funguo tatu, mbili, moja.

Televisheni ikazimika.

Wote watatu waligeuka kunitazama. Badawi alikunja uso. Mamake Mwanaesha alitia mkono kiunoni.

"Wallahi si mimi," nilisema, nikautoa mkono chini yangu. Ulikuwa umekufa ganzi, haungeweza kuzima hata mshumaa.

Mwanaesha hakuutazama mkono. Aliinua macho darini. Feni ilikuwa ikizunguka polepole, ikazidi kupunguza mwendo, mwisho ikasimama kabisa. Nje, redio za majirani zilikuwa kimya, na watoto wakaanza kupiga kelele kwamba stima imepotea.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Badawi, ondoka hapo," alisema.

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Fuad, njoo ukae. Kibonye cha kuruka ni hiki. Stima ikirudi twaanza chumba cha kwanza."

"Sijui kucheza," nilimwambia. "Miaka yote ile nilikuwa nyuma yenu."

"Najua. Nitakwambia wakati wa kuruka."

Nikakaa, kidole juu ya kibonye, chake kando ya changu, tukingoja feni izunguke. Badawi akaenda kuketi mkekani, chini ya swichi. Niligeuka mara mbili kuhakikisha mikono yake iko wapi.