Niliomba Mume Wangu Arudi, Wakaniita Mchawi

Mimi ni bibi wa miaka sabini na ushee, mkazi wa upande wa Ipole, kusini mwa Tabora. Haya yalinikuta nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mama wa mtoto mmoja wa kike, wakati watu wakihamishiwa vijiji vya Ujamaa.

Mume wangu, Yakobo, alikuwa mrina asali. Msimu ulipofika akabeba kamba yake ya kupandia miti, akaniambia, "Mama Neema, niombee. Nikirudi tutahama wote."

Lakini lori la kutuhamisha lilimtangulia! Nilimsihi msimamizi atusubirie kidogo. Akasema mume wangu si mtoto, atatufuata. Nikapanda na mtoto wangu, vyungu vyangu na mama mkwe, huku nikiomba kimoyomoyo: Bwana, mrudishe Yakobo salama.

Hakurudi.

Kule tulikopelekwa hapakuwa na nyumba. Tulijibanza kwenye vibanda vya nyasi, na simba walikuwa wakiunguruma jirani... Niliogopa hata kwenda kuchota maji. Warina asali wengine wakaanza kurudi mmoja mmoja. Kila nikisikia hatua nje, natoka mbio. Siye! Nilifunga, nikaomba mpaka sauti ikakauka. Je, Mungu hakujua tulikohamia?

Nilikuwa na rafiki, Rebeka, tuliyeimba naye kwaya. Ni yeye peke yake niliyemweleza kwamba nimemwota Yakobo amelala chini ya mti, ananiita, nami siwezi kumfikia. Nilimweleza kwa machozi ili anisaidie kuomba. Kumbe! Alitoka pale akawaambia watu kwamba najua mume wangu alipo kwa sababu nimemroga mwenyewe!

Enyi mnaosoma, kwetu neno mchawi halikuwa mzaha. Wanawake waliuawa kwa neno hilo. Majirani wakaacha kuniamkia. Kisimani wakawa wananipisha kama mwenye ugonjwa.

Alasiri moja, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, nikaona wanaume wanakuja na mapanga. Nyuma yao, Rebeka! Walitaka kunipeleka kwa mganga nikapigiwe ramli. Nikamkumbatia Neema, nikamtazama mama mkwe.

Mama mkwe wangu hakuwa Mkristo. Alitambikia mizimu ya wazee wake, na kanisani hakuwahi kukanyaga. Nilijua yeye ndiye atakayenikabidhi kwao. Si mwanawe aliyepotea?

Akachukua mchi wa kutwangia. Akaniambia, "Ingia ndani uombe. Mlango nitaushika mimi."

"Mayu, mama yangu, Mungu hanisikii tena..."

"Huyo Mungu wako mimi simjui. Ila nimekusikia ukimwombea Yakobo kila alfajiri. Aliyemroga mumewe halii vile."

Akatoka. Nikamsikia akiwauliza, "Aliyepotea nimemzaa mimi. Nani hapa ana uchungu kunizidi?"

Wale wanaume wakashusha mapanga. Wakaondoka, lakini mmoja akasema watarudi.

Hawakuwahi kurudi, maana Yakobo alipatikana. Warina asali walikuta mabaki yake chini ya mninga. Tulimtambua kwa shati lake. Kamba ilikuwa imekatika, akaanguka, akavunjika mguu. Alikuwa ameufunga kwa magome ya mti, na kando yake palikuwa na majivu ya moto...

Mnaelewa maana yake? Hakufa pale pale! Alikaa pale akiwa hai, akingoja mtu apite, nami wakati huo huo niko magotini nikimwombea! Jambo hilo liliniogofya kuliko yale mapanga.

Watu walikuja kuniomba radhi. Rebeka alikuja pia, akasema labda imani yangu ilikuwa ndogo. Nilimwonyesha mlango.

Jumapili tuliyomaliza matanga nilikwenda kanisani. Sikuimba. Nilimwambia Mungu tu, "Alikuwa hai nikikuomba. Ulikuwa wapi?" Sikujibiwa. Jumapili iliyofuata nikaenda tena, nikauliza tena, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumuuliza. Nilikuwa nikirudi nyumbani namkuta mama mkwe amenipakulia ugali, hanihoji kitu. Siku nyingine nilijiuliza kama hilo nalo si jibu... siku nyingine niliona si chochote.

Ndugu zangu, nawasihi! Mkimwona mwenzenu anaomba hapewi, msimtafutie dhambi. Msimpime imani. Siri aliyowapa akilia, msiitoe nje. Mnaweza kumuua!

Na wewe uliyeomba ukanyimwa, usimkimbie Mungu kwa sababu umemkasirikia. Nenda na hasira yako hivyo hivyo, ukamwambie. Mimi miaka yote hii sijajibiwa lile swali, na Jumapili hii, miguu ikinikubalia, nitakwenda kumuuliza tena.