Jibu la Nyawira Liko Njiani

Kila asubuhi Watiri alifungua kituo chake cha simu pale Naro Moru, akapangusa vibanda vitatu na kuweka chai jikoni. Wateja wake walikuwa wapagazi wa mlimani, wauza mboga, na wazazi wenye watoto mbali. Alijua siri za nusu ya mji. Hakumwambia mtu hata moja, hata mumewe Mathenge, ambaye alizitaka sana.

Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mbali. Binti yake, Nyawira, alikuwa akisomea uuguzi Uingereza. Huko alikutana na kijana wa Meru aitwaye Mwirigi, wakapendana. Mwaka huo wa 1999 baba yake Mwirigi, Mzee Njoka, alituma ujumbe kwamba angekuja kuleta mahari.

Nyumba ilijaa furaha. Lakini palikuwa na jambo moja. Kwa desturi yao, binti huulizwa mbele ya wazee wa pande zote mbili: kinywaji hiki tunywe? Akisema kunyweni, mambo yanaendelea. Akinyamaza, kibuyu kinafunikwa na wageni wanarudi kwao. Hakuna anayeweza kumjibia, hata mama yake.

Mathenge alisema binti apigiwe simu ya kawaida. Watiri alikataa. Simu ya ng'ambo ilikuwa ghali mno, na atakayeuliza alikuwa Gatimu, kaka mkubwa wa Mathenge. Gatimu hajawahi kumsalimu mtu kwa ufupi. Pesa zingeisha kabla hajafika kwenye swali.

Watiri alikuwa amesikia kuhusu simu ya intaneti. Sauti hupita kwenye kompyuta, na mtu huzungumza na ng'ambo kama anayezungumza na jirani. Aliomba kibali kwanza, kwa sababu hakutaka kufungiwa kituo. Kisha akanunua kompyuta iliyotumika, spika, maikrofoni na modemu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu. Aliichomeka kwenye laini ya kibanda cha kwanza. Watiri si mtu wa kuogopa waya. Siku ya kujaribu alisikia sauti ya mwanawe ikisema "Mami", akalia, na jaribio likaishia hapo.

Siku yenyewe ilifika. Viti vilipangwa kituoni. Wageni wa Meru walikaa upande mmoja na wenyeji upande wa pili. Katikati kulikuwa na kibuyu cha uji, maana hawa walikuwa watu wa kanisa na hawakunywa pombe. Gatimu aliinamia maikrofoni.

"Nyawira mtoto wetu, watu ya Meru wamekuja. Hii uji tunywe?"

Kimya.

Wazee walitazamana. Gatimu aliuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Wakati huohuo kitu kilikwaruza kwenye spika, kama neno lililokanyagwa. Kisha mteja aliyeingia kibanda cha kwanza akainua mkono wa simu, na spika ikanyamaza kabisa.

Gatimu alifunika kibuyu. Mzee Njoka alisimama pole pole na kuvaa kofia yake.

"Hatuna maneno mbaya na nyinyi," alisema. "Lakini hatuwezi kunywa uji ya msichana amenyamaza. Akikubali, mtuite."

Wakaondoka. Watiri alibaki akitazama viti vitupu, na moyo ulimuuma. Kesho yake barua pepe ilifika kutoka kwa Nyawira. Alikuwa amejibu ndiyo mara mbili, na alitaka kujua kwa nini hawakumsikia. Watiri aliinakili kwenye karatasi, akampelekea Gatimu. Gatimu aliisoma yote, akairudisha, akasema karatasi haina sauti.

"Sawa," Watiri akasema. "Basi utasikia sauti."

Alikwenda Nyeri, kwenye kampuni iliyouza huduma ya intaneti, akarudi na fundi wao. Huyu alikuwa Kabura, msichana wa Gatitu mwenye maneno machache na begi kubwa. Kabura alifuata waya kuanzia ukutani hadi kwenye kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mama, modemu na simu ya kibanda ziko kwa laini moja. Fahali wawili hawakai zizi moja. Mtu akiinua hiyo simu, intaneti inakatika. Itisha laini ingine, ya kompyuta peke yake."

Kuitisha laini ni rahisi. Kuipata ndiyo kazi. Kila wiki Watiri alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya simu akifuma sweta, na kila wiki aliambiwa arudi. Hakugomba na mtu. Alirudi tu, na sweta ikaendelea kukua. Ilipofika kwenye mikono, mafundi walikuja Naro Moru na ngazi yao, wakamvutia waya mpya.

Kabura alirudi kumaliza kazi. Alichomeka modemu kwenye laini mpya. Aliisogeza maikrofoni mbali na spika, ili sauti ya Nyawira isiingie tena kwenye maikrofoni na kumrudia kama mwangwi. Kisha akaomba Gatimu aitwe.

Gatimu alikuja akiwa amenuna. Alisema laini si shida yake. Yeye aliuliza swali, na binti akanyamaza kabla simu haijakatika. Kila mtu alisikia kile kimya.

Kabura hakubishana naye. Alimuuliza kama ni kweli aliwahi kuwa mpagazi.

"Miaka mingi," Gatimu akasema, na uso wake ukalegea kidogo. "Huu mlima naujua kama shamba yangu."

"Mzigo ya wageni mlikuwa mnabeba aje?"

"Tunagawa. Huyu hema, huyu chakula, huyu sufuria. Mtu mmoja hawezi beba yote."

"Na mpishi anaanza kupika saa ngapi?"

"Ati saa ngapi? Mpaka wote wafike. Kama mwenye sufuria bado yuko nyuma, atapikia nini?"

"Sauti pia ni hivyo," Kabura akasema. "Kompyuta inaikata vipande vipande, inavituma. Kompyuta ya huku inangoja vipande vifike, ndio ivipange. Kwa hivyo jibu linachelewa kidogo. Ukiuliza tena kabla halijafika, maneno yenu yanagongana, na hakuna mtu anasikia kitu."

Gatimu alikaa akisugua goti lake. Mwishowe alisema kwamba mpagazi aliye njiani hajakataa kufika. Alisema pia kwamba alimkosea mtoto wa ndugu yake, na neno hilo lilimtoka kwa uzito.

Watu wa Meru waliitwa tena. Safari hii vibanda vyote vilifungwa, na Kabura aliketi kando ya kompyuta. Gatimu alisalimu kwa ufupi, jambo lililowashangaza wote waliomjua. Kisha akauliza.

"Nyawira mtoto wetu, hii uji tunywe?"

Kimya.

Mathenge aliinua kichwa. Mzee Njoka alifungua mdomo kusema. Gatimu akanyoosha mkono kumzuia.

"Ngoja, mzee. Jibu liko njiani."

Wakangoja. Kisha sauti ikatoka kwenye spika, safi kabisa.

"Kunyweni, baba mkubwa. Mimi nimekubali."

Wanawake walipiga vigelegele. Gatimu alikunywa kwanza, akampa Mzee Njoka kibuyu kwa mikono miwili. Nje ya mlango walikuwa wamesimama wazazi wengine wa Naro Moru wenye watoto ng'ambo. Walitaka kujua kama na wao wangeweza kuzungumza hivyo. Watiri aliwaambia waje Jumatatu, na kwamba kwanza angewafundisha kungoja.

Kisha akaenda kwenye maikrofoni. Wazee walikuwa wakicheka na kuongea wote kwa pamoja. Akaweka kidole mdomoni mpaka wakatulia.

"Umekula?" akamuuliza mwanawe.

Akanyamaza, akatabasamu, akangoja.