Chupa Nyuma ya Pazia la Jikoni

Asubuhi katika hosteli ya Mama Zuura ilianzia kwenye foleni ya bafu. Bafu lilikuwa moja tu, na kila chumba kilijaa vitanda vya ghorofa, kwa hiyo ukichelewa kuamka utanawia uso kwenye sinki la jikoni huku watu wakikaanga mayai pembeni yako. Burulai alikwisha kujifunza hilo. Alisimama mlangoni na taulo begani, akigonga.

"Dada Mairam, unaoga au unazaliwa upya humo ndani?"

"Subiri, we mbuzi wa mlimani!" Mairam alijibu akicheka. "Naosha nywele."

"Kwani wewe umetoka wapi? Si huko huko mlimani?"

Mairam alitoka na nywele zikichuruzika maji, akambana Burulai pua. Wote wawili walikuwa watu wa Naryn, huko milimani, ila walikutana hapa mjini Bishkek. Mairam alikuja kufanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, na mtihani wenyewe ulikuwa kesho. Burulai, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimsindikiza bibi yake, Bibi Uulkan, aliyekuja kutibiwa mtoto wa jicho katika hospitali iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Tangu walipofika, Mairam ndiye aliyewaonyesha bomba la maji moto ni lipi, na kila jioni alimsuka bibi nywele huku wakipiga soga za nyumbani.

Siku hiyo Burulai alimpeleka bibi hospitali, akaambiwa amfuate mchana. Akarudi jikoni kunywa chai.

Sasa, Bibi Uulkan hasafiri bila kumisi yake. Ni maziwa ya farasi wa nyumbani, yamechachuka vizuri, makali ya kuuma ulimi. Aliyatia kwenye chupa ya soda, kifuniko akakilegeza, akaipakata chupa njia nzima kama mjukuu mchanga. Hapo hosteli chupa ilikaa ndani ya friji la wote, chini kabisa, nyuma ya sufuria za watu.

Msichana mmoja wa mjini, mgeni wa chumba cha pili, alifungua friji akaruka nyuma.

"Uuu! Nani kaweka soksi humu?"

Watu wakacheka. Burulai naye akacheka, tena kwa sauti, ili asijulikane kuwa chupa ni yao. Jikoni kulipobaki kutupu, aliitoa chupa haraka, akakaza kifuniko kwa nguvu zake zote ili harufu isitoke, akaificha dirishani nyuma ya pazia. Jua la Julai lilikuwa linapiga hapo hapo. Jamani, mtoto wa mlimani gani asiyejua kwamba kumisi haikazwi kifuniko? Inachemka yenyewe, lazima ipumue. Burulai alijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Lakini aibu ilimfanya asahau hata anachokijua.

Mchana ulisikika mshindo, watu wakadhani mtungi wa gesi umelipuka. Burulai aliyekuwa uani alikimbia pamoja na wengine. Kumisi ilikuwa darini, ilikuwa ukutani, ilikuwa inadondoka juu ya mashuka ambayo Mama Zuura alitoka kuyapiga pasi. Katikati ya chumba alisimama Mairam na mwiko mkononi, supu yake ikiwa jikoni, kumisi ikimtiririka usoni.

Mama Zuura aliingia. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti pana, na roho pana pia, ila siku hiyo roho ilikuwa haijafika.

"Mairam! Nilikwambia nini kuhusu kumisi yako?"

"Mama, yangu iliisha juzi. Bakuli la mwisho ulilinywa wewe mwenyewe!"

"Usisingizie tumbo langu! Hii imeshuka kutoka mbinguni? Nani mwingine humu anakunywa kumisi?"

Mairam alimtazama Burulai. Burulai akatazama sakafu.

"Sikia, binti," Mama Zuura akasema. "Mtu akivunja kitu changu, namsamehe. Mtu akinidanganya macho makavu, hatalala kwangu. Kusanya vitu vyako."

"Mama Zuura, mtihani ni kesho! Nitalala wapi?"

"Waulize wanaopenda waongo."

Burulai alitaka kusema, lakini akamfikiria bibi na jicho lake lililotoka kupasuliwa. Wakifukuzwa wao, bibi atalala wapi? Akatoka mbio kumfuata bibi hospitali.

Bibi alikuwa amefungwa bandeji jicho moja, lakini amechangamka.

"Alhamdulillahi, wamemaliza! Tukifika nimiminie bakuli la kumisi. Na jingine mpe Mairam, kesho ana kazi ngumu, maskini."

Burulai akaangua kilio pale pale kando ya barabara. Akaeleza yote: friji, kicheko, pazia, mshindo, na Mairam anayefungasha.

"Sasa mbona unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyemfukuza?"

"Naogopa, bibi. Tutafukuzwa sisi."

"Tukifukuzwa tutajua pa kwenda, ni chupa yetu. Nishike mkono. Twende polepole, lakini upesi!"

Walimkuta Mairam getini na mkoba wake, macho mekundu. Mama Zuura alikuwa akifagia ngazi kwa hasira ingawa zilikuwa safi. Burulai aliuachia mkono wa bibi, akasogea.

"Mama Zuura, ile chupa ilikuwa yetu. Mimi niliikaza, mimi niliificha. Dada Mairam hajui lolote."

Ufagio ulisimama. Mama Zuura alikaa kwenye ngazi.

"Mairam, mwanangu, nimekutukana bure mbele za watu. Nisamehe. Rudi ndani."

"Na sisi tukusanye vitu?" Burulai akauliza kwa sauti ndogo.

"Ili bibi wa jicho moja nimpeleke wapi? Unaniona mimi jiwe? Utafua mashuka yote, halafu utasugua dari mpaka ing'ae."

Burulai alimgeukia Mairam. Mairam hakucheka, wala hakumbana pua.

"Nilikuangalia pale jikoni," alisema. "Ukaangalia chini."

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Nipe muda. Lakini huu mkoba unaupandisha wewe."

Mkoba ulijaa vitabu. Burulai aliupandisha hadi ghorofani akihema, akakitandika upya mwenyewe kitanda cha Mairam.

Jioni alikuwa uani, mikono ndani ya povu. Bibi Uulkan aliketi karibu yake kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye sauti ya maji.

"Umeona ilivyokwenda, Burulai? Ulionea aibu kinywaji cha kwenu, ukakificha. Kwa kuwa ulikificha, ukanyamaza. Na kwa kuwa ulinyamaza, mtu asiye na kosa akatolewa nje na mkoba wake. Ungesema pale pale jikoni, ungepata makelele ya Mama Zuura na haya haya mashuka. Basi."

"Na kumisi yako imemwagika yote, bibi."

"Farasi wapo, tutapata nyingine. Lakini yule binti angelala stendi usiku huu, kesho akashindwa mtihani, ungemrudishia nini?"

Bibi alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mjukuu wake, akakibusu. Burulai akavuta shuka jingine, akalizamisha ndani ya beseni.