Si Homa, Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pelagia alimpelekea kaka yake Damiano uji. Sharti alilijua: kwanza anywe yeye funda moja huku Damiano akimtazama kooni. Akishaona mdogo wake amemeza, ndipo alipolipokea bakuli.

"Wametia sumu," Damiano alinong'ona. "Nimewasikia wakipanga."

"Akina nani, kaka?"

"Wale wawili. Hata sasa wananisema."

Katika kibanda alimolala Damiano hamkuwa na mtu mwingine.

Alikuwa hivyo tangu mvua za mwaka uliopita. Kijana aliyesifiwa kwa kurina asali katika misitu ya Ugalla sasa hakuoga, alicheka peke yake, na redio ya jirani ikifunguliwa aliziba masikio akidai inatangaza mawazo yake. Watu walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zikasogeleana, na kila kelele ilisikika. Baba yao, mzee Salvator, aliona aibu. Akaagiza kwamba yeyote atakayeuliza ajibiwe neno moja tu: homa. Homa gani hiyo isiyokwisha mwaka mzima? Hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Kisha Damiano akatorokea porini, akapatikana akiwa hoi kwa njaa. Baba mdogo Celestin akatengeneza gogo lenye tundu la kumfungia mguu. Mama akashikilia kwamba mtoto apelekwe hospitali kwanza.

"Haya," baba alisema. "Lakini akirudi hivi hivi, atafungwa."

Pelagia alilitazama lile gogo lililoegemezwa ukutani, akaingiwa na simanzi.

Walipanda treni hadi Mpanda. Pelagia naye alichukuliwa, kwa kuwa Damiano hakula chochote ambacho yeye hakukionja.

"Anaumwa nini?" daktari aliuliza.

"Homa tu," baba akajibu.

Daktari alimpima joto, akamtoa damu kidoleni ikachunguzwa. Hakukuwa na malaria. Aliuliza kuhusu bangi na pombe, akaambiwa hatumii.

"Mzee, homa siioni. Hakuna jambo jingine?"

"Hakuna."

"Basi, mnaweza kurudi nyumbani."

Pelagia alilikumbuka gogo. Kumpinga baba mbele ya watu halikuwa jambo dogo.

"Si homa, baba," alisema.

Baba alimkazia macho, lakini Pelagia hakunyamaza. Alieleza yote: uji, wale watu wawili, redio, kucheka. Daktari akamgeukia Damiano.

"Hao watu unawasikia hata mchana?"

"Hata sasa. Kila ninalofanya wanalisema." Machozi yalimlengalenga. "Nyumbani hakuna anayeniamini."

Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu, kisha akamwambia baba, "Nadhani ni skizofrenia, ugonjwa wa akili. Haupimwi kwa damu. Tunahakikisha kwanza kwamba si malaria wala bangi, halafu tunautambua kwa kusikiliza mgonjwa na watu wake. Mkinificha, nitautambuaje? Kumfunga hakutamponya. Dawa zitamsaidia, ila huenda akazitumia miaka mingi."

Damiano alilazwa. Aliporudi, dawa zilikuwa zimemfanya mzito wa mwendo, na mikono ilimtetemeka. Msimu ule mizinga yake ilirinwa na wengine. Sauti zilipungua, hazikuisha. Lakini asubuhi moja, Pelagia alipoinua bakuli aonje, Damiano alinyoosha mkono.

"Lete tu, mdogo wangu."

Akanywa uji wote. Mama akageuka pembeni kufuta machozi.

Siku hiyo jirani alipita akauliza, "Mzee Salvator, ile homa ya kijana imekwisha?"

Mzee akajibu, "Haikuwa homa. Ana ugonjwa wa akili, anatibiwa."

Jirani alipokwenda zake, mzee alimwita Pelagia. "Mwanangu, aibu yangu nusura immalize kaka yako. Ukiulizwa habari za mgonjwa, sema kweli, hata kama mimi nimekukataza."

Kisha akachukua shoka, akaenda kulipasua lile gogo kuwa kuni.