Jemu ya Kungumanga

Asubuhi ukungu hushuka mlimani kwetu polepole, ukapita kati ya mikungumanga, na dunia yote ikanukia kama chai ya sikukuu. Matunda hupasuka yenyewe mtini. Tunaokota mbegu, tunabandua basibasi, ule utando mwekundu unaoizunguka, tunapeleka kuuza kituoni. Nyama ya tunda tunaitupa. Mama yangu aliitupa, na mama yake pia. Halafu tunashuka mjini Gouyave, pwani ya kisiwa chetu, kununua jemu ya kopo iliyokuja na meli.

Tulipopata uhuru, shule yetu ilibadilika. Siku moja mjukuu wangu Velma alirudi na harufu ya moshi kwenye sare.

"Leo mmesoma nini?"

"Tumepika nyama ya kungumanga, Bibi. Tumepiga hesabu ya sukari, tumeandika vipimo."

"Kupika si ningekufundisha mimi hapa nyumbani?"

"Na hesabu je?"

Nikamwambia ale, anyamaze.

Nikamwandikia mama yake aliyeko Trinidad: njoo umchukue mtoto, akasome shule ya kweli. Velma aliiona barua mezani, ikingoja meli. Alikaa mlangoni akitazama ukungu, na jioni ile hakuitikia sala.

Jumapili iliyofuata ilikuwa komunyo yake ya kwanza. Baada ya misa watoto hunywa chai kwa mkate na jemu. Zamu ya kuleta jemu ilikuwa yangu, na meli haikuja. Dukani hapakuwa na kopo hata moja.

Ijumaa nikaokota nyama tulizotupa, nikazichemsha na sukari. Nikaonja. Uchungu ulinikaba hadi machozi.

Velma akachungulia sufuria. "Hukuloweka, Bibi."

"Kuloweka vipi?"

"Kamuulize mwalimu wa shule isiyo ya kweli."

Nikaenda. Mwalimu Lyris nilimfundisha katekisimu mimi mwenyewe. Hakunicheka sana.

"Mama Ena, leo zamu yako kukaa kwenye dawati," akasema. "Menya, kata, loweka kwenye maji ya chumvi mpaka kesho. Chumvi inatoa ukali. Suuza, chemsha mpaka zilainike, ponda. Kikombe cha nyama, kikombe cha sukari, na maji ya ndimu. Koroga mpaka iwe nzito. Chupa nazo uzichemshe. Jaza jemu ingali moto, funika papo hapo. Ukizembea hapo, itaota kuvu."

"Miaka yote hii tunatupa chakula, Lyris."

"Tulifundishwa kuuza mbegu, Mama. Hakuna aliyetufundisha kutazama kilichobaki."

Jumamosi Velma alipima, mimi nikakoroga kama alivyoniamuru. Jemu ikageuka rangi ya asali. Mvuke wake mtamu ulipanda ukachanganyika na ukungu, nikahisi kama mlima wenyewe unasali pamoja nasi.

Jumapili watoto walilamba vidole. Mmoja akauliza, "Imeletwa na meli gani?" Velma akacheka mpaka shela ikamdondoka kichwani.

Siku hizi wanawake wa huku juu hawatupi tena. Tunapika kila Jumamosi, jikoni mwa shule.

Wiki ile ya komunyo, Velma alitafuta karatasi ya kubandika kwenye chupa, akakosa. Nikampa barua yangu ile, iliyokuwa bado mezani. Akaigeuza, akaandika upande mweupe: *Jemu ya kungumanga. Imepikwa hapa.*

Meli ilipokuja, chupa ile ilipanda ikaenda Trinidad kwa mama yake, maneno yangu ya kumwita yakiwa yamebandikwa kwa ndani.