Karatasi Chini ya Boriti

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na ratiba ile ile. Nilibadilisha sare, nikamwamkia Bibi, kisha nikakaa na madaftari yangu kwenye ngazi za baraza ya mbao nyuma ya nyumba. Baraza hiyo imesimama juu ya nguzo, kwa sababu uwanja wetu umeinama kuelekea mtaroni. Wiki zile mbili nilipenda kukaa pale kuliko mahali popote, maana alikuwepo mjomba wangu, fundi seremala, akipiga randa na kunitania kwamba mwandiko wangu unafanana na nyayo za kuku.

Kazi yake ilikuwa kuimarisha baraza. Bibi, yaani mama yake, alivunjika nyonga mwaka uliotangulia, na daktari alimshauri akae kwenye maji ya moto kila siku ili viungo vilegee. Mama akaagiza beseni kubwa la kuogea, la kupasha maji kwa umeme, ambalo watu wanne wanaweza kukaa ndani yake. Chumbani halikuenea, kwa hiyo likapangiwa barazani. Mjomba alitueleza kwamba beseni tupu si kitu, wanaume wanne wanalibeba. Taabu ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na beseni lile linameza lita elfu moja. Hiyo ni tani nzima, na watu bado hawajaingia. Ndiyo maana alitakiwa kuongeza nguzo sita mpya chini ya boriti.

Ni yeye aliyenifundisha kukagua nguzo. Alichana ukurasa wa daftari langu la hesabu, akajaribu kuupenyeza kati ya nguzo ya zamani na boriti. Haukupita.

"Umeona? Hii inabeba," alisema. "Karatasi ikipita, nguzo hiyo ni ya kupigia picha tu. Na usimwamini fundi anayekukataza kupitisha karatasi, hata akiwa mimi."

Nilicheka. Nilimwamini mjomba kuliko mtu mwingine yeyote.

Jumatano alimaliza, akapaka rangi, akaenda zake kwenye kazi nyingine. Niliingia chini ya baraza kujifurahisha, ukurasa wangu mkononi. Nguzo mbili za upande wa juu zilikataa karatasi. Ya tatu ikaimeza. Ya nne, ya tano na ya sita vilevile. Mbele ya kila mwanya kilikuwa kimepigiliwa kibao chembamba na kupakwa rangi, hivi kwamba ukisimama uani huoni kitu.

Kesho yake alipokuja kuchukua vifaa vyake nilimwambia. Alijikuna kisogo, kisha akakiri kwamba alikata nguzo zote kwa kipimo kimoja, akasahau kuwa ardhi imeinama. Aliniahidi kwamba Ijumaa, kabla beseni halijaletwa, angezibadilisha zote nne.

"Ila usimwambie mama yako, mwanangu," alisema. "Atanidharau. Iwe siri yetu, mimi na wewe."

Nilijiona mtu mzima kupewa siri. Nikakubali.

Ijumaa nilirudi mbio. Mjomba alikuwepo, lakini sikuona nguzo mpya hata moja. Alikuwa na wenzake watatu, beseni limeshapandishwa barazani, na mpira wa maji unamwaga ndani yake. Aliponiona alinikonyeza. Konyezo lile liliniuma kuliko kofi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakunipa siri yoyote, alinifunga mdomo tu.

Bibi alikuwa tayari ametoka, taulo begani, mkongojo mkononi, uso umemchangamka. Alikuwa ameinua mguu kukanyaga ngazi ya kwanza. Nikasimama mbele yake.

"Bibi, usipande. Nguzo nne ni fupi. Hazijagusa boriti."

Mama akamtazama mjomba. Mjomba akacheka, akasema nimenuna kwa sababu alinikataza kuwa wa kwanza kuingia majini.

"Huyu amezoea kutunga mambo," alisema, bila kunitazama.

Masikio yalinichemka. Habari ya nguzo ningeweza kuimeza. Lakini kuniita mwongo mbele ya Bibi, tena yeye aliyenifundisha kukagua, hiyo haikumezeka. Nilitaka kulia, nikakataa kulia.

"Fungeni maji kwanza," alisema Bibi. "Ubishi utafuata."

Maji hayakuwa yamezidi kina cha kiganja. Nilitoa ukurasa wangu mfukoni, nikampa Mama, nikamwonyesha vile vibao. Alisimama pembeni, akanyoosha mkono, akabandua kimoja. Karatasi ikapita. Akabandua cha pili, ikapita. Alipofika cha tatu mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, na wenzake wamegundua kwamba wana haraka ya kwenda mahali.

Bibi alimgeukia mwanawe. "Ungeniacha nipande?" aliuliza.

"Nilidhani zitahimili, mama."

"Sijakuuliza ulidhani nini."

Mjomba akaanza kumwaga maji.

Jumatatu Mama alimleta fundi mwingine, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima unamwita Pimamaji kwa sababu haachi pimamaji, kile kifaa cha kupimia kama mbao imelala sawa, hata akienda dukani. Bibi alisisitiza mjomba afanye kazi mwenyewe, na Pimamaji amsimamie. Kila nguzo ilipimwa mahali pake. Boriti ziliongezwa mara mbili, zikainuliwa kidogo kwa jeki, nguzo zikaingia kwa kubana, zikakazwa kwa bolti. Beseni lilipopandishwa tena, Pimamaji alifunga uzi ulionyooka chini ya boriti, akaamuru lijazwe robo, kisha nusu, kisha lote, huku akipima kama mbao zinabonyea. Hazikubonyea.

Jumamosi Bibi aliingia majini. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, halafu akatuita mimi na mjomba.

"Kukata nguzo fupi ni kosa, na kosa unalirekebisha kwa msumeno," alimwambia mjomba. "Kulificha kungeniua mimi, na kumwita mtoto mwongo kungemfanya asiseme kweli tena." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mkubwa akikwambia utunze siri, hata kama unampenda, jiulize nani ataumia ukinyamaza. Kama yupo, siri hiyo si ya kutunza. Ulichelewa siku moja. Usichelewe tena."

Mjomba alinifuata kwenye ngazi. Alisema samahani, mara hii akinitazama machoni, akaniuliza kama bado nimekasirika. Nilimjibu ndiyo.

"Una haki," alisema.

Akachana ukurasa kwenye daftari langu, akanipa, akasogea pembeni ya nguzo. Nilishuka nikazijaribu zote sita, moja baada ya nyingine, naye akisubiri. Karatasi haikupita popote. Nikaikunja, nikaiweka mfukoni, kwa ajili ya kazi yake ijayo.