Reli ya Katikati

Ndugu zangu, nyumba ninayoisimulia haikuwa na mlevi wala mgomvi. Ilikuwa nyumba ya Waayalandi pale Kilburn, London, na walipendana.

Jumapili hiyo Fintan alistaftahi kwa dada yake, Noreen: mayai, soseji na chai nzito. Alikuwa hoi. Miaka ishirini na saba ya kutengeneza njia za treni za chini ya ardhi ilikuwa imemkalia magotini. Colm, mume wa Noreen, alikuwa akifunga buti huku anaimba. Hii ilikuwa wiki yake ya pili katika kikosi cha shemeji yake, baada ya miaka kumi kwenye njia za treni za juu ya ardhi.

"Nirudishie huyu kabla nyama haijapoa," Noreen alimwambia kaka yake.

"Saa nane niko mezani, mke wangu. Labda Padri anicheleweshe kwa mahubiri yake."

Padri ndilo jina walilompa Fintan kazini. Kila zamu, kabla watu hawajashuka relini, alimtaka kila mmoja azionyeshe reli zote kwa kidole na aseme kwa mdomo wake zipi zina umeme. Alikuwa na sababu. Kule juu alikotoka Colm, reli ya umeme ni moja tu, ya pembeni. Chini kuna nyingine katikati ya njia, nayo inaua vilevile.

Siku hiyo stesheni waliyokwenda ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, hakuna treni. Fintan akafungua kinywa.

"Padri, jamani, hata Jumapili?" Colm akadakia. "Si tumeshayakariri!"

Wenzake wakacheka. Fintan akaisikia sauti yake mwenyewe ikimchosha. "Haya, basi. Msishuke mpaka nipige simu umeme uzimwe."

Alipokuwa bado kwenye simu, Colm akashuka na mtaimbo begani. Tusimwite mpumbavu. Aliiruka reli ya pembeni kwa uangalifu mkubwa, kama alivyozoea, kisha akaulaza mtaimbo juu ya ile ya katikati. Mlipuko ukatikisa stesheni nzima.

Hospitalini, Noreen alimkuta kaka yake ukumbini.

"Atapona, ila vidole wamevikata," alisema. "Vya mikono yote. Ulimwambia, Fintan?"

"Wiki nzima nilimwambia."

"Nakuuliza leo."

"Leo sikumwambia, dada. Nilichoka."

Noreen hakumtukana. Heri angemtukana. Alirudi wodini kumlisha mumewe uji kwa kijiko, na mpaka leo yeye ndiye anayemfunga vifungo vya shati kila asubuhi.

FUNZO

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Colm alizoea hatari moja, akadhani amezijua zote. Ukihamia kazi mpya, uliza upya, na usiposikia kwamba umeme umezimwa, usishuke. Nawe unayeonya wenzako, najua unachoka, najua wanakucheka. Waonye hivyo hivyo, maana siku utakayonyamaza wewe, umeme haunyamazi.